Mvuvi wa Mshipi Naye ni Mwanasayansi

Nilipokuwa masomoni Uskoti, mwenyeji wangu alinichukua siku moja hadi ziwa la Loch Leven kuvua trauti, samaki wa maji baridi anayethaminiwa sana na watu wa huko. Tulikaa katika mashua tangu asubuhi hadi jioni. Alinifundisha mambo matatu: tuanzie upande unakotoka upepo, mashua ichukuliwe polepole juu ya samaki, tusigonge ubao, wala tusisimame, kwani samaki humwona aliyesimama kabla yeye hajamwona samaki. Nilipata mmoja tu. Kilichonishangaza zaidi ni duka tulilopitia wakati wa kurudi, lenye rafu nzima ya vitabu juu ya samaki huyo: chakula chake, macho yake, saa zake za kula. Sifa za trauti wa Loch Leven zilivuka bahari. Mwaka 1905 mayai yake yaliletwa Kenya na Ewart Grogan, na vifaranga vyake wakatiwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare.

Niliporejea nyumbani, mwaka 2014, nilimwomba mzee mmoja wa Kunduchi anichukue baharini katika ngalawa yake. Tulipofika mwambani, nilimshauri atie nanga juu ya mwamba wenyewe, kwa kuwa ndipo walipo samaki. Mzee alinitazama, akafanya nilivyotaka. Saa nzima ikapita bila mshipi kutikisika. Kisha akasema kwa upole, “Mwalimu, umetia nanga vichwani mwao.” Akang’oa nanga, akasogea upande unakotoka mkondo, akaacha kamba ndefu hata ngalawa ikasimama mbali kidogo na ukingo wa mwamba. Haikupita robo saa tukapata changu wa kwanza.

Ndugu msomaji, hebu tulichunguze tendo hilo kwa jicho la sayansi. Harufu ya chambo huchukuliwa na maji. Mvuvi akikaa upande unakotoka mkondo, harufu ya ngisi au kibua aliyekatwa husafiri hadi kwenye mwamba, na samaki huifuata hadi kwenye ndoana. Akikaa upande wa pili, harufu hiyo hupotelea katika maji matupu. Aidha, nanga iliyotupwa juu ya mwamba huvunja matumbawe na kuwafukuza wale wale tunaowatafuta. Hivyo mzee yule alikuwa ametatua kwa nanga moja maswali mawili ambayo mimi, pamoja na shahada yangu, sikuwa nimeyauliza.

Kanuni zake nyingine zina misingi imara vilevile. Hapendi kuvua kwa mshipi wa chini katika kilele cha bamvua. Katika pwani ya Dar es Salaam tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3. Maji mengi hivyo yakipita kwa muda wa saa sita hivi, mkondo huwa na nguvu, chubwi huinuliwa, na chambo huelea mbali na samaki wakaao chini. Huchagua maji mafu, siku za nusu mwezi. Na hata katika maji mafu hungoja mkondo uanze kutembea, kwa maana maji yaliyosimama hayachukui harufu popote.

Hupenda alfajiri na magharibi. Katika saa hizo mwanga hubadilika upesi. Samaki wadogo huwa wanatoka au wanarejea mafichoni, na samaki wawindaji, kama kolekole na nguru, huwanyemelea katika mwanga hafifu. Hakubali kelele chomboni. Sauti husafiri majini kwa mwendo wa takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani. Kasia likigonga ubavu wa ngalawa, habari hufika chini mara moja. Samaki ana masikio ndani ya fuvu, na ubavuni ana mstari wa vinyweleo vya hisi unaopokea mtikisiko wa maji yaliyo karibu naye. Tena, ndoana za mzee ni kubwa kwa makusudi, ili wachanga wasiweze kuzimeza. Elimu hii yote imo kichwani mwake, wala haimo katika kitabu chochote nilichopata kukiona katika maktaba zetu.

Asubuhi ile ile, tukiwa bado tunavua, tulisikia mshindo. Haukutoka hewani, ulipanda kupitia mbao za ngalawa hadi miguuni mwetu. Mzee akakunja mshipi wake. “Pale pamekwisha,” akasema. Baadaye alinieleza kwamba mjukuu wake alikuwa amekwisha kuitwa na wenye baruti, na kwamba kijana alimwuliza swali ambalo yeye hakuweza kulijibu: kwa nini akae siku nzima na mshipi kwa samaki sita, iwapo wenzake hujaza chombo kwa dakika moja?

Jibu lipo, na sisi wanasayansi ndio tuliopaswa kumpelekea. Mlipuko hupasua kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki. Wengi wa waliokufa huzama, na mvuvi mwenyewe hawapati. Wanaookotwa huwa na nyama iliyopondeka, nao huharibika upesi. Matumbawe ya mawe makubwa hukua kwa kiasi cha sentimita moja tu kwa mwaka. Mwamba uliovunjwa kwa sekunde moja huwa kifusi kinachobingirishwa na mawimbi, ambapo matumbawe machanga hayawezi kushika. Uvuvi huu ulipigwa marufuku nchini mwaka 1970, lakini mwaka 2015 watafiti waliosafiri pwani yetu wakiwa na vinasa sauti vya majini walihesabu milipuko 318 katika saa 231 za kusikiliza, na zaidi ya nusu yake ilikuwa ndani ya kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Tangu hapo msako wa vyombo vya dola umeipunguza sana. Hata hivyo, doria humzuia kijana kutenda baya. Haimfundishi kazi iliyo bora.

Wako wenzangu watakaosema kwamba ninausifu umaskini. Hoja yao ina uzito. Jiji lililohesabiwa watu zaidi ya milioni 5 katika sensa ya mwaka 2022 haliwezi kulishwa kwa mishipi peke yake; jarife na vyombo vya maji makuu vitahitajika. Nami sisemi mvuvi abaki na kasia milele. Nasema kwamba injini haijui mahali pa kutia nanga. Tukimpa kijana wa Msasani au wa Kimbiji mashua mpya bila maarifa ya mkondo, mwezi na mwamba, tumempa deni la petroli tu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, pamoja na vyuo vikuu vyetu, wakae na wazee wa Kunduchi, Mbweni, Mjimwema na Kimbiji, wayaandike maarifa yao kwa Kiswahili, na kuyapima: lililo kweli lithibitishwe, na lililo dhana tu lisemwe hivyo. Pili, shule zilizo kandokando ya bahari zifundishe kupwa na kujaa kwa maji mbele ya bahari yenyewe, si ubaoni pekee. Tatu, samaki wa mshipi, aliyetiwa barafu tangu chomboni, atengwe katika soko la Feri na kuuzwa kwa bei inayolingana na ubora wake, ili subira ya mvuvi iwe na malipo.

Wakati huohuo, atakayekwenda kuvua akumbuke kwamba visiwa vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi. Huko samaki huachwa wazaliane kwa faida ya wavuvi wa nje ya mipaka. Avae jaketi la kuokolea maisha, na aache habari nchi kavu ya saa atakayorudi.

Mzee yule haendi tena baharini, macho yamemtupa. Mjukuu wake hakwenda kwa wenye baruti, bali anaendesha bodaboda Tegeta. Nilipomtembelea mzee mara ya mwisho nilikwenda na daftari, nikamwomba aanze na habari ya nanga. Tumefika ukurasa wa 40, na bado hatujaanza kuzungumzia nguru.