Kompyuta Isipoiona Diski Yake

Kompyuta ya mezani si kitu cha ofisini tu. Hapa Kashai, kama ilivyo katika mitaa mingine ya Bukoba na kule Muleba, wapo wenzetu wenye steshenari ndogo, wanaochapa mitihani ya shule na ratiba za misiba, na wanaotunza hesabu za vikundi vya kuweka na kukopa. Mwezi huu tutazame tatizo moja linalotia hofu: kompyuta inawashwa, feni inazunguka, lakini yanatokea maandishi meupe kwenye kioo cheusi: "No bootable device". Maana yake, mashine haikupata diski ya kuwakia. Mara nyingi inayotafutwa ni diski ngumu, ile ghala inayotunza kazi zako zote.

Tuseme wewe ni katibu wa kikundi. Kesho ni mkutano, na hisa na mikopo ya wanachama 30 imo humo. Nani atakuamini ukisema hesabu zimepotea? Na nyumbani, wa kwanza kulaumiwa huwa mtoto aliyecheza gemu jana, au dada wa kazi aliyefuta vumbi. Tunakushauri usimgombeze mtu kwanza. Diski isiyoonekana si lazima iwe imekufa. Huenda vilivyomo ni vizima, na vikaja kuharibiwa na haraka ya saa ile ya kwanza.

Anza na yasiyo na gharama. Chomoa flashi yoyote iliyochomekwa, kisha washa upya. Pengine mashine ilikuwa inajaribu kuwakia kwenye flashi hiyo. Ikishindikana, washa tena huku ukibonyeza F2 au Delete mara kadhaa, na katika mashine nyingine F10, ili ufungue ukurasa wa mipangilio. Huko usibadilishe kitu bado. Tazama mambo mawili.

La kwanza, je, jina la diski limo? Likiwemo, mashine inaiona, na huenda mpangilio wa kuwasha umevurugika au Windows imeharibika. La pili, je, tarehe ni ya leo? Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, huenda betri ndogo ya mviringo mfano wa sarafu imekwisha. Kwa kawaida ni ya aina ya CR2032. Betri hiyo ndiyo inayoisaidia mashine kukumbuka saa na mipangilio yake inapokosa umeme. Ni ya bei ndogo. Ibadilishe na kurekebisha mipangilio kabla ya kukubali kuuziwa diski mpya.

Jina lisipoonekana, zima mashine, chomoa waya ukutani, kisha shikilia swichi ya kuwashia kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe. Fungua ubavu wa boksi na uguse chuma chake kitupu kwanza. Diski ina nyaya mbili, mmoja wa umeme na mmoja wa mawasiliano. Katika mashine za zamani huu wa mawasiliano ni utepe mpana. Chomoa kila mmoja na uurudishe mpaka ukaze. Waya huweza kulegea au kukatika kwa ndani, kwa hiyo jaribu mwingine, na tundu jingine. Kama hujazoea, mwite fundi, nawe ukae karibu uone.

Sikiliza pia. Ndani ya diski ya kawaida mna visahani vinavyozunguka, katika diski nyingi mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa nafasi ndogo sana kuliko unene wa unywele. Ukisikia "ta, ta, ta" au mkwaruzo, zima papo hapo wala usiwashe tena, maana kila kuwasha kunaweza kuongeza jeraha. Usiigonge, usiianike juani, wala usiifungue. Diski za kisasa ziitwazo SSD hazina kinachozunguka, hivyo huweza kufa kimya kimya.

Unapompa fundi, mwambie mapema: asifomati. Kufomati ni kuiandaa diski kama daftari jipya. Mashine itawaka vizuri, fundi atalipwa, na hesabu zako zitakuwa zimekwenda. Mwombe kwanza aiunganishe diski na kompyuta nyingine, anakili mafaili, ndipo atengeneze. Kabla ya kutoa fedha, keti na baba watoto mkubaliane kipi mnachookoa: mashine, au vilivyomo? Diski nyingine itapatikana dukani. Picha za bibi aliyekwisha kufariki hazipatikani.

Lakini kinga ni bora. Umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na huku kando ya Ziwa Victoria radi si haba. Anga likianza kunguruma, zima na uchomoe waya. Ukijaliwa, nunua UPS, ambayo hukupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima taratibu.

Tena, weka nakala mbili za kazi yako, moja katika flashi au diski ya nje hapo nyumbani, nyingine katika nyumba tofauti. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa wetu wa Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi mjini Bukoba. Nakala iliyo chini ya paa moja na kompyuta huangukiwa pamoja nayo.

Na wewe katibu, kila baada ya mkutano chapa ukurasa wa hesabu, mwenyekiti na mweka hazina waweke sahihi, uutunze kwenye faili. Siku mashine itakapokataa kuwaka, karatasi hizo ndizo zitakazokusemea mbele ya wenzako.