Waacheni Watoto Wachezee Maji

Kuna kofi moja ambalo watoto wengi wa pwani hulionja kabla hawajatimiza umri wa kwenda shule. Halitokani na wizi, wala matusi, wala uongo. Hutokana na maji. Mtoto ameketi uani mchana wa Februari; upepo wa kaskazi umelegea, bati la paa linawaka, na vivuli vimefupika hata havimsitiri kuku. Mbele yake pana beseni. Ametia mkono mmoja, akatia wa pili, akachota kwa kifuu, akamimina, akacheka. Mara mlango wafunguka, sauti yatoka, kofi lashuka, na beseni laondolewa. Kosa lake ni nini? Amechezea maji. Nimeazimia katika kurasa hizi kumtetea mshitakiwa huyu, kwa sababu hana umri wa kujitetea mwenyewe, na kwa sababu nasadiki kwamba katika kesi hii mwenye hatia ni yule aliyepiga.

Wapo watakaosema kuwa hili ni jambo dogo, halistahili kalamu wala karatasi. Kwa mtu mzima ni dogo kweli. Mtu mzima akiona joto hujimwagia maji bafuni, hufungua dirisha, huwasha panka, au huenda kupunga hewa baharini. Mtoto wa miaka mitatu hana hata moja katika hayo ila kwa idhini ya mwingine. Ua ndio ulimwengu wake wote, na beseni ndiyo bahari yake.

Hoja ya kwanza ya wapinzani wangu, nayo ina uzito kuliko nyingine nyingi, ni uhaba. Mji wa Mombasa umezungukwa na maji ya chumvi pande zote, lakini maji yake matamu hutoka mbali. Tangu miaka ya 1950 bomba limeyaleta kutoka chemchemi za Mzima, katika mbuga ya Tsavo, mwendo unaopita kilometa 200. Na mengine huvutwa kutoka visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Hata hivyo mji haujashiba. Katika mitaa mingi maji huja kwa zamu, na zamu ikikawia huja kwa mkokoteni, yakiuzwa kwa mtungi. Aliyelipia mtungi hawezi kuyatazama maji yakimwagika mchangani bila moyo kumwuma. Naikubali hoja hii. Ninachokikataa ni kumtwika mtoto mzigo wake.

Hebu tufanye hesabu, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Watoto watatu hutosheka kwa nusu debe, yaani lita 10 hivi, muda wa nusu saa na zaidi. Choo cha kuvuta maji humeza kiasi kinachokaribia hicho kwa mvuto mmoja tu. Bomba bovu linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza yapata debe zima kwa siku, usiku na mchana, na hakuna apigwaye kofi kwa ajili yake. Kwa nini basi tone la fundi mzembe lisamehewe, na la mtoto lihukumiwe? Tena maji yaliyochezewa hayakufa. Yaliyobaki katika beseni hupigia deki sakafu, hunywesha mchicha, au humwagiwa mkomamanga ulio pembeni mwa ua. Palipo na dhiki kabisa, siku ambayo hata maji ya kupikia hayakupatikana, sitamlaumu mzazi akilifungia beseni. Namlaumu yule aliye na tangi juu ya paa, anayeosha gari lake kwa mpira kila Jumamosi, naye akimwona mwanawe na kikombe cha maji humkemea kuwa ni mharibifu.

Hoja ya pili hupenda kuvaa joho la utabibu. Husemwa kuwa mtoto akilowa atapata mafua, na mafua yatashuka kifuani yawe homa ya mapafu. Mafua huletwa na virusi, ambavyo hupita kutoka kwa mtu hata kwa mtu. Havikai katika maji safi ya beseni vikimngoja mtoto wa miaka mitatu. Katika joto la nyuzi 32 za kaskazi, maji yakaukayo mwilini huchukua joto na kuondoka nalo, na hiyo ndiyo kazi ile ile ifanywayo na jasho letu. Mtoto aliyelowa kivulini wakati wa adhuhuri ana nafuu kuliko mwenzake aliyefungiwa chumbani chini ya bati. Akianza kutetemeka, mpanguse umvike nguo kavu.

Maradhi ya kweli ya maji hao waonyaji huyasahau. Maji machafu huleta kuhara na kipindupindu, na mtoto achezaye lazima atayameza kidogo, upende usipende. Basi asipewe maji ambayo yeye huwezi kumpa anywe. Maji yaliyotuama nayo huzaa mbu. Mombasa ilionja chikungunya mwaka 2004, ikaonja homa ya dengi mwaka 2013, na magonjwa yote mawili huenezwa na mbu aumaye mchana, ambaye hutaga mayai katika vyombo vilivyoachwa na maji karibu na nyumba. Muda wa juma moja hivi humtosha kutoka yai hata kuwa mbu kamili. Hapo dawa si kumpiga mtoto. Dawa ni kulipindua beseni mchezo ukiisha.

Hoja ya tatu ndiyo inayonikasirisha, nami sitaificha hasira yangu. Husemwa kuwa mchezo wa maji ni upuuzi, na heri mtoto apewe penseli akae kitako ajifunze. Wasemao hivi wengi wao ni watu waliosoma. Wamesoma lakini hawakutazama! Laiti wangalichuchumaa dakika kumi tu kando ya beseni, wangaliona darasa lisilo na ubao. Mtoto hutupa jiwe likazama, hutupa kizibo kikaelea, hutupa kifuu. Kikiwa kitupu kinaelea, kikijaa kinazama, naye hukunja uso kwa mshangao. Toboa mkebe kwa msumari, tundu moja juu, la pili katikati, la tatu chini, kisha ujaze: maji ya tundu la chini hutoka kwa nguvu kuliko ya juu. Mwanafunzi wa sekondari huambiwa jambo hili katika somo la fizikia, hulinakili, hulisahau. Mtoto wa miaka minne amelishika kwa kiganja. Mpe burashi kuukuu na maji katika kopo, mwambie apake ukuta rangi. Ataupaka wote, na afikapo mwisho atakuta mwanzo umekauka. Atauliza rangi yake imekwenda wapi. Swali hilo ni mlango wa elimu ya mvuke, mawingu na mvua, nalo limeulizwa na mtu asiyejua hata kuandika jina lake.

Jean Piaget wa Uswisi, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza akili za watoto, alipata sifa kwa jaribio ambalo kila jiko laweza kulifanya. Mimina maji yaliyo katika bilauri pana ndani ya bilauri nyembamba iliyo ndefu, mbele ya macho ya mtoto wa miaka minne au mitano. Aghalabu atasema kuwa maji yamezidi. Afikapo miaka saba hivi atakucheka kwa kumwuliza. Mimi naamini kwamba miaka hiyo ya katikati haipiti bure: mtoto amemimina, amerudisha, amemimina tena, hata mkono umeikanya akili. Nasi tunampiga kofi akiwa kazini.

Lipo jambo jingine ambalo wapinzani wangu hawalitaji. Maji husemwa kuwa ni hatari kwa mtoto mpaka ifike saa ya kuyateka. Hapo msichana wa miaka sita huonekana amekomaa. Hupewa ndoo na kutumwa bombani, hupewa karai la vyombo, hupewa nepi za mdogo wake, na hakuna amwambiaye kuwa atapata mafua. Kaka yake wa umri ule ule yuko uwanjani na mpira. Kwa hiyo binti huyo huyajua maji kwa shingo na mgongo kabla hajayajua kwa furaha. Akithubutu kuchelewa bombani kwa kurushiana maji na wenzake, jioni huulizwa kwa fimbo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto, uliopitishwa mwaka 1989 na kuridhiwa na Kenya mwaka 1990, unamtambulia kila mtoto haki ya kupumzika na kucheza, katika kifungu cha 31. Haukusema kila mtoto wa kiume.

Sasa nafika penye hoja ambayo siifanyii mzaha, yaani kufa maji. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu yapata 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Mtoto anayejifunza kutembea ana kichwa kizito kuliko nguvu ya mikono yake. Akichungulia ndoo huingia kwa kichwa, na ndoo iliyo nzito kwa maji haipinduki ikamtoa. Hapigi kelele, kwa sababu mdomo umo majini. Mama aliye jikoni hasikii kitu, naye hudhani mtoto amelala. Dakika chache zatosha.

Asemaye, basi, kwamba watoto wawekwe mbali na maji, ana sababu. Lakini tazama afanyavyo. Amelificha beseni lenye maji ya kina cha kidole, na nyuma ya nyumba ameacha ndoo iliyojaa pomoni tangu alfajiri, pipa lisilo na kifuniko, na kisima kilichofunikwa kwa kipande cha bati kinachochezacheza. Amekataza mchezo, akabakiza hatari. Na mtoto aliyekatazwa hakuacha kuyapenda maji, alijifunza kuyaiba tu. Akiwa na miaka tisa huyaiba mbali zaidi, penye mkono wa bahari au katika shimo la machimbo lililojaa mvua, pamoja na wenzake walio wajinga kama yeye, na mahali ambapo hapana mkubwa wa kumwita. Heri mtoto ayajue maji mapema, mbele ya macho yetu, kuliko ayajue peke yake akiwa amechelewa.

Maneno haya nayaelekeza kwenu ninyi mlio shuleni kuliko kwa wazazi wenu, nanyi mwaijua sababu. Likizo ya Desemba ikifika, mama huenda sokoni, baba huenda kazini, na wadogo huachwa mikononi mwa yule aliyerudi na vitabu. Yumkini mmepanga kusoma, au kulala. Kabla ya yote hayo zungukeni ua. Pipa lifunikwe, ndoo zimwagwe au ziinuliwe mahali pasipofikiwa. Kisha toeni beseni lililo pana na fupi, mlitie chini ya mwembe, maji yasizidi kina cha kidole, na mkusanye vifuu, mikebe, chujio kuukuu na vizibo. Mmoja wenu aketi karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono. Asiketi na simu, kwa kuwa aliye na simu hayupo. Akiitwa mlangoni, na amchukue mtoto pamoja naye. Asimwache kwa dada wa miaka mitano akasema kuwa amemwekea mlinzi.

Mzee wa nyumba akirudi akakuta ua umelowa, atauliza. Mwonyesheni mkebe uliotobolewa, mwambieni kiasi cha maji kilichotumika na mahali yalikomwagwa. Huenda akanuna, maana yeye pia alilipata kofi lile. Na matope yatakayobaki uani, kaka azoe sehemu yake, asiachiwe binti peke yake kuyafagia.