AFYA NYUMBANI: Si Tego, ni Kovu

Ndugu mmoja, mvuvi wa Mbamba Bay, ametuletea barua ndefu akitusihi tusimtaje jina. Umri wake ni miaka 54. Tangu masika uume wake wapinda kwenda juu unaposimama, nao wamwuma. Akipapasa huona kigumu kama punje ya mahindi chini ya ngozi. Amekwisha kumshitaki mkewe mbele ya wazee kwamba amemtilia tego, na mama huyo sasa yuko kwao Liuli.

Twamjibu wazi, maana aibu imekwisha kuvunja nyumba. Ndugu, hilo si tego. Ni ugonjwa wajulikanao na madaktari kwa jina la Peyronie, mpasuaji wa mfalme wa Ufaransa, aliyeuandika mwaka 1743. Huwapata hasa wanaume waliopita miaka 40. Si kansa, wala hauambukizi: mkeo hakukupa, nawe hutampa.

Tazama mpira wa ndani wa baiskeli uliotiwa kiraka. Ukipigwa pampu, penye kiraka hapatanuki, basi mpira hupinda upande ule. Uume nao una ganda gumu lizungukalo mahali pa kujaa damu. Likiumia kidogo kidogo, pengine mwenyewe asijue, hufanya kovu. Wenye kisukari hupatwa zaidi.

Usikubali kuvutwa wala kukunjwa kwa mikono na wauza mafuta. Huko ni kuongeza jeraha. Maumivu kwa kawaida hupungua baada ya miezi, ila kupinda mara nyingi hubaki. Kukiwa kudogo, tena hakuzuii ndoa, hakudai dawa. Kukiwa kukubwa, iko sindano ya kulainisha kovu, isiyopatikana kila mahali, na uko upasuaji. Lakini hapasuliwi mtu mpaka kupinda kumetulia, yapata mwaka tangu kuanza. (Damu katika mkojo ni neno lingine. Watu wa ziwani mwakijua kichocho, nacho kina dawa yake.)

Anzia hospitali ya Mbinga au Peramiho, uombe barua ya kwenda kwa bingwa wa njia ya mkojo, kama wale wa KCMC, Moshi, au Muhimbili. Lakini iko safari fupi ya kutangulia. Waite wazee wale wale, mwende Liuli, ukamwombe mama yule radhi mbele yao. Wala usiende mikono mitupu.