Zilipendwa Zetu Zilitoka Havana

Kwenye Coaster za Mbeya–Tukuyu kuna ubishi usiokwisha. Dereva akiweka Bongo Fleva, vijana wa viti vya nyuma wanaimba nayo. Akichomoa flashi na kuweka zilipendwa, hakosekani mzee wa kutangazia gari zima kwamba huu sasa ndio muziki: wa kwetu, wa asili, uliopigwa na watu ambao hawakumuiga mtu. Hawa watoto wa siku hizi leo wako Marekani, kesho Nigeria, keshokutwa amapiano ya Afrika Kusini. Nani atambishia? Kuanzia vilabu vya Igogwe wilayani Rungwe hadi studio za redio za Dar es Salaam, imani ni moja: wazee walikuwa na muziki wa Kitanzania, vijana wana muziki wa kuazima.

Imani hiyo si kweli, na ushahidi wa kuivunja umo ndani ya zilipendwa zenyewe.

Mwaka 2000 kampuni ndogo ya Ujerumani iitwayo Dizim Records ilitoa CD yenye jina la Ngoma Iko Huku. Ni mkusanyiko wa nyimbo za Salum Abdallah na bendi yake, zilizorekodiwa kati ya 1955 na 1965. Salum Abdallah Yazidu, aliyejulikana pia kwa herufi za jina lake, SAY, alikuwa mtu wa Morogoro. Bendi ilikuwa ya Morogoro na nyimbo zilikuwa za Kiswahili. Lakini bendi hiyo iliitwaje? Cuban Marimba. Na kabla ya kuitwa hivyo? La Paloma, jina la wimbo wa Kihispania wa karne ya 19 uliokwisha kuzunguka dunia nzima. Masimulizi ya maisha yake yanasema kwamba ujanani alitoroka nyumbani hadi Mombasa, akitafuta meli ya kumfikisha Cuba. Meli hakuipata, akarudi Morogoro na kuijenga Cuba yake huko huko. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, akiwa bado kijana, na Juma Kilaza akaishika bendi.

Salum hakuficha kitu. Alichokipenda alikiandika kwenye jina la bendi, kila anayepita akisome. Waliokuja kukifuta ni mashabiki wake wa leo.

Cuba ilifika Morogoro kwa santuri. Mwaka 1933 kampuni ya Uingereza ya His Master's Voice ilianza kutoa mfululizo wa santuri za muziki wa Cuba na Amerika ya Kilatini kwa ajili ya soko la Afrika. Ziliitwa GV, kila moja na namba yake, na hadi mfululizo ulipokoma mwishoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa zimefika takriban 250. Humo walikuwamo Sexteto Habanero, Trio Matamoros na Don Azpiazu. Ziliuzwa Accra, Leopoldville, Mombasa, Dar es Salaam, popote palipokuwa na duka la gramafoni. Mwaka 2004 kampuni ya Topic ya Uingereza ilizikusanya baadhi kwenye CD ya Out of Cuba, iliyoandaliwa na Janet Topp Fargion, mtafiti anayejulikana zaidi kwa kazi yake juu ya taarabu ya Zanzibar. Mpenzi wa zilipendwa akizisikiliza CD hizi mbili kwa kufuatana, ya GV kwanza kisha ya Salum Abdallah, hatahitaji profesa wa kumfafanulia.

Hata hivyo inafaa kuupasua wimbo mmoja kuona kilichomo. Chini kabisa kuna vijiti viwili vinavyogonganishwa. Kama vijiti havipo, gitaa la ridhim linafanya kazi yao: mapigo matano yaliyogawanywa matatu kwa mawili, ambayo Wacuba wanayaita clave. Juu yake zinatikiswa manyanga, tumba zinajibu. Halafu muundo wenyewe. Sehemu ya kwanza inakwenda taratibu, mwimbaji anatoa beti zake, anabembeleza au analaumu. Ghafla wimbo unageuka. Maneno yanapungua, waitikiaji wanashika kiitikio kimoja na kukirudia, gitaa la solo linazunguka pale pale bila kuchoka, na waliokuwa wamekaa wanainuka. Wanamuziki wa dansi wa Dar es Salaam waliiita sehemu hiyo chemko, na kuna bendi zilizojulikana kwa chemko kuliko kwa kitu kingine chochote. Mtindo wa Cuba uitwao son una chemko yake pia, inaitwa montuno, nayo ilikwisha kuingia kwenye santuri tangu miaka ya 1920.

Wapo wanaobanwa hapa wakakimbilia mlango wa pili. Wanasema Cuba yenyewe ilichukua mdundo huo kutoka Afrika, kwa watu waliouzwa utumwani, hivyo muziki ulikuwa wetu tangu hapo na ulirudi nyumbani tu. Kuhusu watumwa wanasema kweli. Kuhusu nyumbani wanachanganya mambo. Wengi wa Waafrika waliopelekwa Cuba walitoka Afrika Magharibi na bonde la Kongo. Mluguru wa Morogoro au Mnyakyusa wa Rungwe aliyeisikia Sexteto Habanero miaka ya 1930 hakuisikia ngoma ya babu yake. Alisikia kitu kipya cha mjini, chenye magitaa na suti, ambacho hakikuwa cha Mwingereza aliyekuwa akimtawala, na kwa sababu hizo hizo akakipenda. Kukiita urithi uliorudi ni kumnyima sifa ya uchaguzi alioufanya mwenyewe.

Na wakati ule kila mtu alijua kwamba ni kitu cha kigeni. Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere, siku moja tu baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, alitangaza bungeni kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wengi walijua kucheza rumba na cha-cha-cha, twist na hata waltz, lakini ni wangapi waliojua ngoma kama gombe sugu, mangala, kiduo au lele mama? Orodha hiyo isomwe polepole. Rumba na cha-cha-cha, midundo ya Cuba iliyo uti wa mgongo wa kila kinachoitwa leo muziki wetu halisi, Mwalimu aliziweka kapu moja na waltz. Kwa kipimo cha 1962, mzee wa kwenye Coaster ndiye aliyekuwa kijana aliyepotoka.

Kilichotokea baadaye ni kwamba rumba ilipewa uraia. Mwaka 1964 Nuta Jazz iliundwa chini ya chama cha wafanyakazi, NUTA. Vyombo vikawa vya chama, wanamuziki wakawa waajiriwa, na bendi ile ile ndiyo iliyokuja kuitwa Juwata, kisha OTTU, na leo Msondo Ngoma. Mashirika mengine ya umma yakafuata njia hiyo. Redio Tanzania Dar es Salaam ikarekodi bendi hizo kwa wingi na kuzirusha nchi nzima, zikawa sauti ya taifa jikoni na dukani. Na mara tu rumba ilipopata uraia, walinzi wa utamaduni wakahamia kwa mgeni mwingine. Mwaka 1969 muziki wa soul wa Wamarekani weusi ulipigwa marufuku Dar es Salaam, kwa madai kwamba unawapotosha vijana. Baada ya soul ikaja zamu ya disko, kisha rap, na leo amapiano. Hoja ni ile ile, anayebadilishwa ni mtuhumiwa.

Wilaya ya Rungwe, kuliko sehemu nyingi, haina sababu ya kudanganyika kwa hoja hiyo. Chai ilipandwa hapa kwa mara ya kwanza mwaka 1904, enzi za Wajerumani, na hakuna mkulima wa Igogwe anayechuma majani huku akijisikia anaiga Uchina. Kwenye muziki mambo ni yale yale. Wamishonari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na matarumbeta yaliyoingia na kanisa hilo leo yanapigwa misibani na alfajiri ya Pasaka kama sehemu ya maisha. Ukishuka hadi Ziwa Nyasa utakuta mganda, ngoma inayochezwa kwa mistari iliyonyooka kama gwaride, vibuyu vikipulizwa kuigiza bendi za shaba za jeshi la Mwingereza. Ngoma za namna hiyo, za ukoo wa beni, mwanahistoria Terence Ranger aliziandikia kitabu kizima mwaka 1975, na leo mganda unachezwa kwenye sherehe za serikali ukitangazwa kuwa ngoma ya asili. Ni ya asili kweli, kwa sababu watu wa ziwani waliifanya iwe yao. Mbona wanamuziki wa leo hawapewi nafasi hiyo hiyo?

Vijana wa zamani wa wilaya hii, zaidi ya hayo, walikuwa wasafiri. Walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, wakavuka mpaka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia Kaskazini, wengine wakachukuliwa na WENELA, wakala wa kuajiri vibarua wa migodi, hadi Johannesburg, mpaka uajiri huo uliposimamishwa baada ya Uhuru. Walikoenda walikutana na magitaa, gramafoni na watu wa kila kabila. Kusema kwamba babu wa Rungwe alikuwa na masikio yaliyozibwa asisikie ya nje ni kumtungia babu ambaye hakuwahi kuwapo.

Iko hoja moja ya upande wa pili yenye uzito. Inasema: sawa, wazee waliiga, lakini walifanya kazi. Walijifunza vyombo kwa miaka, walifanya mazoezi kila siku, wimbo ulitungwa na bendi nzima, maneno yalipimwa. Kijana wa leo anapakua biti usiku, asubuhi anaimba, jioni wimbo uko hewani. Hoja hii ni nzuri na mara nyingi ni ya kweli. Lakini ni hoja ya ufundi, wala haihusu asili. Anayetaka kusema kwamba gitaa la Mbaraka Mwinshehe linazidi kinanda cha kompyuta aseme hivyo, aoneshe ni wapi na kwa nini, na vijana wajibu kwa kazi zao. Atapata mjadala wa maana. Akitumia uzalendo badala ya sikio hataupata, kwa sababu kwa kipimo cha uzalendo Cuban Marimba ingeanguka siku ya kwanza kwa jina lake tu.

Ubaya wa imani hii hauishii kwenye kuwaonea vijana. Unawafuta wazee wenyewe. Muziki ukishaitwa wa asili unakuwa kama mlima: upo tu, haukufanywa na mtu. Angalia flashi zinazouzwa kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo, Tukuyu au kwingineko. Faili zimeandikwa Zilipendwa 1, Zilipendwa 2, Zilipendwa Mix. Jina la mtunzi hakuna, bendi hakuna, mwaka hakuna. Anayetaka kujua nani alipiga nini na lini inambidi asome vijitabu vilivyochapwa Ulaya. Ngoma Iko Huku ilitoka Ujerumani. Mfululizo wa Zanzibara, ambao toleo lake la tatu la 2007 limekusanya dansi la Tanzania la miaka ya 1960, ulitolewa Ufaransa na Buda Musique. Mwaka 2012 nyimbo za Western Jazz, wale wa mtindo wa saboso, zilikusanywa na kampuni ya Sterns ya London. Wageni hao waliichukulia kazi ya akina Salum kuwa kazi ya watu wenye majina na tarehe. Hapa nyumbani, wanaoapa kwa jina la muziki wetu wameridhika na Zilipendwa Mix.

Kama ni njia ya wazee, vijana wamepita mle mle. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alichukua rap ya Ice Ice Baby ya Vanilla Ice akaifanya ya Kiswahili, watu wakacheka. Baada yake akaja Mr. II, Joseph Mbilinyi, yule Sugu aliyekuwa Mbunge wa Mbeya Mjini kuanzia 2010 hadi 2020, akirap shida za mtaani kwa Kiswahili chake mwenyewe. Kuiga, kutia lugha, kisha kutia mambo ya kwenu: ndizo hatua zilizofuatwa na dansi miaka arobaini kabla.

Halafu kuna Rayvanny wa Mbeya, ambaye jina lake la nyumbani, Raymond Mwakyusa, halihitaji kutambulishwa Rungwe. Mwaka 2019 alitoa Tetema akiwa na Diamond Platnumz. Mwaka 2021 Maluma, nyota wa Colombia anayeimba Kihispania, aliuchukua wimbo huo na kumshirikisha mwenyewe, ukaitwa Mama Tetema, na Novemba mwaka huo wawili hao waliupiga kwenye jukwaa la tuzo za MTV za Ulaya mjini Budapest. Salum Abdallah alitafuta meli ya kumpeleka kwa Walatini asiipate. Mnyakyusa mmoja alifuatwa na Mlatini, kwa wimbo ambao wazee wa Coaster wanauita makelele ya kuiga.

Redio za Nyanda za Juu Kusini zina vipindi vya zilipendwa kila Jumapili, na zinaweza kuanza wiki hii. Mtangazaji akipiga wimbo wa Cuban Marimba ataje Salum Abdallah, ataje Morogoro, ataje mwaka kama upo, na aseme bila aibu kwamba mdundo umetoka Cuba. Ukiisha apige santuri moja ya GV, kisha Tetema, kisha Mama Tetema. Baada ya hapo afungue simu, na anayetaka kusema kwamba kuiga kulianza na watoto wa siku hizi apige aseme.