Akisha Kutibiwa Tezi Dume, Nani Amuulize Hali?

Siku hizi saratani ya tezi dume inatajwa hadharani, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Wazee wa barazani wanajua kuwa kuna kipimo cha damu kiitwacho PSA. Ila maneno yote hukomea kwenye kupimwa na kutibiwa. Mimi nataka kusema juu ya yule aliyekwisha kutibiwa akarudi nyumbani, jamaa wakampa pongezi za kupona.

Maradhi haya si kama malaria. Yakigunduliwa mapema, mtu huweza kuishi miaka na miaka. Mzee Nelson Mandela alitibiwa kwa miale mwaka 2001, akafariki 2013 akiwa na umri wa miaka 95. Askofu Desmond Tutu aligunduliwa 1997, akaishi hadi Disemba 2021. Basi suali ni hili: miaka hiyo yote mtu huishi vipi?

Aliyepasuliwa huenda akatokwa na mkojo bila ya kutaka, akikohoa, akicheka au akiinuka. Kwa wengi hali hii hupungua kadiri miezi inavyokwenda. Kwa wengine hubaki. Nepi za watu wazima ni ghali, na kuziulizia dukani ni mtihani mwengine. Mtu huyo barazani haonekani tena, na msikitini huacha safu kwa kuogopa kunajisi mkeka. Ilhali sheria imempa nafasi: kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi, hujisafisha, akajifunga, akatia udhu baada ya wakati wa sala kuingia, kisha akaswali, na sala yake ni sahihi. Haya tumeyasoma chuoni tungali watoto. Mbona hayasikiki mimbarini?

Wa sindano za kuzuia homoni ya kiume naye ana yake. Daktari Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kuwa saratani hii hustawi kwa homoni hiyo, akapata Nishani ya Nobel 1966. Ni dawa yenye manufaa makubwa, lakini mwili hupandwa na joto la ghafla, mifupa hudhoofika, na hamu ya unyumba huondoka. Mume hunyamaza, mke hudhani kuna mwanamke mwengine. Ndoa ya miaka thelathini huweza kuyumba kwa jambo ambalo muuguzi angelieleza kwa dakika kumi.

Sindano zenyewe aghalabu hupigwa kila mwezi au kila miezi mitatu, na kwa wengine ni za maisha. Oktoba 2024 bima ya NHIF iliondoka, ikaingia SHA. Mvuvi wa Vanga hana haja na jina la bima. Ataka kujua kama sindano ya mwezi ujao ipo, na nauli ya kuifuata Mombasa ataitoa wapi.

Na shida hizi hazijulikani kwa sababu ya adabu zetu wenyewe. Mzee akiulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo", hata kama nguo zimelowa. Daktari mwenye foleni hutazama hesabu ya PSA, akaandika tarehe ya kurudi, basi. Uingereza mgonjwa hupewa orodha ya matatizo atie alama yanayomsumbua, kisha muuguzi huketi naye. Hapa karatasi si lazima. Kunatosha chumba chenye mlango wa kufungwa, muuguzi mwanamume akipatikana, na masuali yasiyojibika kwa "sijambo": Usiku waamka mara ngapi? Nguo hulowa? Nyumbani mwaelewana? Mzee akiridhia, mkewe naye aitwe. Mazoezi ya kukaza misuli ya chini ya kibofu hufundishwa hapo hapo, wala hayagharimu hata shilingi.

Na aambiwe jambo moja kabla ya kutoka: akipata maumivu mapya ya mgongo, au miguu ikaishiwa nguvu, aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje tarehe iliyoandikwa kadini.