TUELIMISHANE: Usitaje Bei Kabla ya Kuona Masale

Ndugu msomaji, leo tuzungumze juu ya kununua kiwanja au nyumba. Mfano wetu ni Rau, katika Manispaa ya Moshi. Lakini mambo haya yanamhusu kila anayetaka kununua mahali pa kukaa.

Zamani kijana wa Kilimanjaro hakununua mahali pa kujenga. Baba alimkatia sehemu ya kihamba. Leo vihamba vimekuwa vidogo na watoto ni wengi. Mji wa Moshi nao umepanuka. Mashamba ya migomba na kahawa yanakatwa viwanja.

Sheria pia ilibadilika. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Zamani ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na bei. Mnunuzi alilipia nyumba, migomba na mikahawa tu. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilitamka kuwa ardhi yenyewe ina thamani. Kwa hiyo leo unapatana bei ya nyumba na ya ardhi pia.

Je, mnunuzi mwenye fedha chache atapatanaje bei? Nguvu yake ni kujua. Anayejua hadanganywi. Asiyejua hupunguziwa shilingi, akapoteza kiwanja chote.

KWANZA: JUA NANI ANAUZA

Kihamba si cha mtu mmoja kama ng'ombe. Mara nyingi kina makaburi ya wazee. Kwa mila ya Wachagga, mtoto wa kiume wa mwisho hubaki katika nyumba ya baba. Kaka zake nao wana neno. Wengi wako Dar es Salaam na Arusha, nao hurudi nyumbani mwezi wa Desemba. Mtu akikuambia, "Nunua upesi kabla ya Krismasi," jiulize: anawakimbia akina nani?

Omba kuonana na ukoo. Muulize pia mke wa muuzaji, yeye mwenyewe, si kwa kuambiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake.

Kama kuna hati, nenda Ofisi ya Ardhi ukaombe upekuzi. Utajua hati ina jina la nani. Utajua pia kama imewekwa rehani benki. Kama hakuna hati, waulize majirani wa pande zote nne na viongozi wa mtaa.

PILI: JUA NINI KINAUZWA

Zunguka mpaka wote kwa miguu, wakati wa mchana, pamoja na majirani. Tazama masale. Masale ni mmea wa heshima kwa Wachagga. Huutumia kuombana msamaha, na huupanda mpakani. Kama masale ni mapya, uliza yalipandwa lini na nani alikuwapo.

Usikubali kupima kwa hatua. Hatua ya mtu mrefu si sawa na hatua ya mtu mfupi. Tumia futi kamba.

Uangalie na mto. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kiwanja kilicho kando ya Mto Rau kinaweza kuwa rahisi, lakini usipate pa kujenga. Tazama pia kama mfereji unapita ndani. Maji hayo ni ya wengi, huwezi kuyafunga.

TATU: SASA PATANA BEI

Waulize watu watatu walionunua karibu na hapo mwaka huu. Usiulize bei iliyotajwa. Uliza bei iliyolipwa.

Kisha piga hesabu. Huu ni mfano tu. Kiwanja cha kwanza ni mita 20 kwa 20, bei Shs. 12,000,000/=. Cha pili ni mita 15 kwa 20, bei Shs. 10,500,000/=. Kipi ni rahisi? Cha kwanza kina mita za mraba 400, kila moja ni Shs. 30,000/=. Cha pili kina mita za mraba 300, kila moja ni Shs. 35,000/=. Kumbe cha pili ni ghali!

Ukitaka kupunguziwa, toa sababu. Sema: "Gari halifiki hapa. Bomba la maji liko mbali. Nguzo ya umeme nitalipia mwenyewe." Sababu hushusha bei kuliko kulalamika.

Dalali msikilize, lakini kumbuka analipwa kiwanja kikiuzwa. Hana faida ukienda kufikiri. Atakuambia kuna mnunuzi mwingine njiani. Mwambie utarudi kesho. Mnunuzi anayeweza kurudi nyumbani bila kununua ndiye mwenye nguvu.

Lakini usimkandamize muuzaji mwenye mgonjwa au msiba. Utaishi jirani na watoto wake.

NNE: ANDIKA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya Ardhi inataka mapatano ya kuuza ardhi yawe ya maandishi. Andikeni mbele ya wakili. Taja majina, vipimo, majirani, bei, na nani atalipa kodi na ada. Mume au mke wa muuzaji atie sahihi. Viongozi wa mtaa wawe mashahidi, lakini muhuri wa mtaa si hati ya kumiliki ardhi. Lipa kwa benki na utunze stakabadhi.

Ndugu msomaji, umejifunza kusoma. Basi usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma hadi mwisho. Mwenye haraka akikunyima nafasi ya kuisoma, mrudishie karatasi yake.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Kwa nini tupime kwa futi kamba na si kwa hatua?
2. Katika ukoo wenu, nani lazima aulizwe kabla kihamba hakijauzwa?
3. Kiwanja cha mita 25 kwa 20 kinauzwa Shs. 14,000,000/=. Kila mita ya mraba ni shilingi ngapi?