Kiboko na mipaka yake: Tusijifiche nyuma ya kadari

 

Ndugu Waislamu, kila mtu anapouawa na kiboko, husemwa msibani kuwa ni kadari ya Mungu. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini mara nyingine tunaifanya pazia la kufichia uzembe wetu.

Katika Suratul An'am, aya ya 38, Mwenyezi Mungu anatufahamisha kuwa wanyama ni umma mfano wetu. Kila umma una desturi zake, na za kiboko zinajulikana. Mchana hukaa majini, kwani ngozi yake huumizwa upesi na jua, ingawa Muumba ameijaalia kutoa ute mwekundu wa kuikinga. Jua likitua hutoka kwa njia zake alizozizoea, akala majani kiasi cha kilo 40 kwa usiku mmoja, kisha hurejea kabla ya mapambazuko. Uzito wake hupita kilo 1,000, lakini nchi kavu hukimbia mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Hawindi watu ili awale. Hushambulia anapozibiwa njia ya kurudi majini, mtumbwi unapomwingilia dume katika himaya yake, au jike linapomhofia mtoto wake.

Basi ni nani aliyevuka mpaka? Tunalima hadi ukingoni na kuziba mapito yake. Tunachepusha maji bila kiasi: Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka nyakati za kiangazi mwaka 1993, na viboko wakabaki wamebanana katika vidimbwi. Kisha jioni tunamtuma binti yetu kuchota maji mahali hapo hapo!

Mtu mmoja alipomuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake huru na kutawakali, aliamrishwa amfunge kwanza, ndipo atawakali. Hadithi hiyo ameipokea Tirmidhi.

Kumfunga ngamia kwetu ni kuacha ukingo wa mto bila kulimwa, kutomtuma mtoto mtoni magharibi wala alfajiri, na kijiji kuchanga kisima kabla ya kuchangia sanda. Uhai wa watoto ni amana, na kesho tutaulizwa juu yake.